Ibn Battuta na Maalim wa Kompyuta

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kitabu cha safari hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni ukweli wa khabari zake: je, mwandishi alifika anakosema alifika, na aliyaona anayosema aliyaona? Ya pili ni manufaa yake kwa msomaji ambaye kesho naye ataondoka kwao kwenda kutafuta riziki. Juu ya mizani ya kwanza wanavyuoni wamekwisha kuandika mengi kuhusu Rihla ya Ibn Battuta. Leo twataka kukitia kitabu hicho katika mizani ya pili, tena kwa ajili ya msomaji mmoja makhsusi: kijana wetu afungaye mkoba wake, akaifunika kompyuta kwa nguo isije ikagongeka, akaenda peke yake katika mji asioujua kuwafundisha watu wazima kuitumia mashine hiyo.

Kazi hii siku hizi imekuwa nyingi. Waya za intaneti zilitua Mombasa na Dar es Salaam kwa njia ya bahari mwaka 2009. Pemba nayo tangu mwaka 2010 yapata umeme wake kutoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya maji. Basi ofisi, shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, hata kamati za misikiti zinazotaka kuweka hesabu za wakfu, zote zataka mtu wa kuja kuwafundisha watu wake. Maalim huitwa kwa wiki moja au mbili. Hapewi mwenzake, kwa kuwa nauli ya watu wawili ni nzito. Na wazazi wake huja kutuuliza sisi walimu: Je, Sheikh, safari hii ina kheri? Mtoto aende? Na akienda ashike mwendo gani?

Si swali dogo. Mtume wetu (s.a.w.) aliuhofia upweke wa njiani, akachukia mtu kusafiri usiku peke yake. Akatufundisha pia kuwa safari ina adhabu yake, kwani humvurugia mtu chakula chake na usingizi wake. Kwa hivyo akishamaliza haja yake na aharakishe kurudi kwa jamaa zake. Hakukataza kutoka kutafuta elimu wala riziki. Alitaka atokaye ajue anatoka katika nini na anaingia katika nini. Na hapa ndipo Rihla inapofaa kusomwa, kwa sababu mwenyewe alitoka peke yake, akaishi kwa elimu yake ugenini muda mrefu kuliko watu wengi waliopata kuandika.

KITABU NA MWENYEWE

Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tanja katika Moroko mwaka 1304. Aliondoka kwao mwezi wa Rajab mwaka 725 wa Hijra, yaani Juni 1325, naye ni kijana wa miaka 21, kwenda kuhiji. Hakuwa na rafiki wa kuzungumza naye wala msafara wa kufuatana nao. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuwaacha kulimuuma. Alikaa katika safari karibu miaka 30. Aliporudi, Sultani wa Moroko aliamrisha safari hizo ziandikwe. Yeye akasimulia, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akapanga maneno, kitabu kikamalizika mwaka 1355.

Haki yatutaka tuseme wazi kuwa yamo ndani yake ambayo wachunguzi hawayakubali. Maelezo mengi ya Makka, Madina na Damaski yametolewa katika kitabu cha Ibn Jubayr, aliyesafiri zaidi ya miaka 140 kabla yake. Kufika kwake Bulghar kunatiliwa shaka, na hata safari ya China wako wanaosita kuikubali. Lakini khabari zake za pwani yetu, alipopita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ni khabari za mtu aliyetazama kwa macho yake. Alikuja kwa kaskazi na akaondoka kwa kusi, kama walivyokuwa wakienda mababu zetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini katika usiku huo alikiona kisima kilichokuwa mlangoni mwa msikiti, na kata ya mti yenye mpini mwembamba wa kiasi cha dhiraa, na mtu akiosha miguu yake kisha akaifuta mkekani kabla ya kuingia. Mtu atakayeiona kata ya kisimani kwa usiku mmoja, anastahili kusikilizwa.

SALAMU YA TUNIS

Mwanzoni mwa kitabu mna khabari fupi ambayo kwangu mimi ndiyo bora kuliko khabari zote za wafalme zinazofuata. Njiani kuelekea Tunis kijana alishikwa na homa kali, hata akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko asianguke. Msafara ulipofika Tunis watu wa mji wakatoka kuwalaki wageni. Kila mmoja akapata wa kumsalimu na kumwuliza hali. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hapana aliyemjua. Akashindwa kujizuia, akalia. Mmoja katika mahujaji akaiona hali yake, akamjia, akamsalimu, akawa anamzungumza mpaka wakaingia mjini.

Tazama, ndugu msomaji, alichokikosa. Hakukosa chakula, wala hakuwa ameibiwa. Alikosa salamu, nayo salamu haina gharama. Wasafiri wengi wakiandika hutuhesabia malango na minara ya mji. Huyu hakuona haya kutuambia kuwa alilia mlangoni pake. Na kwa kuwa ametuambia, twajua hakika ya upweke wa safari. Mtu aweza kuwa katikati ya halaiki ya Waislamu wenzake, akawa peke yake.

Kijana mmoja niliyemsomesha juzuu utotoni alipelekwa na ofisi moja, ambayo hatuitaji, kwenda kufundisha kompyuta katika kisiwa kimoja cha pwani hii. Barua ilimwambia kuwa atapokewa. Alishuka chomboni jioni, asimwone mtu. Usiku ule akalala nyumba ya wageni kwa pesa zake. Asubuhi akaonyeshwa chumba chenye mashine kumi, nne kati yake haziwaki, na umeme ukikatika kila baada ya muda. Huyu kijana ni fundi, hayo hayakumtisha. Aliniambia kuwa kilichomlemea ni saa za baada ya Alasiri. Wanafunzi walikuwa wakiaga wakaenda zao, asiwepo hata mmoja wa kumwambia, "Maalim, karibu kwetu." Akala mkate na chai siku nne. Siku ya tano karani mmoja, mama wa makamo, akamtuma mwanawe na sinia: wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya ndimu.

Msomaji wa Rihla atakumbuka mara moja sinia aliloletewa Ibn Battuta Mogadishu: wali kwa samli, mchuzi juu yake, ndimu na maembe ya kutiwa chumvi pembeni. Imepita miaka karibu 700, na pwani ingali yajua namna ya kumwambia mgeni kuwa ameonekana. Kijana yule asema kuwa siku ya sita darasa likabadilika. Watu wakaanza kuuliza maswali. Hapo kabla walikuwa wakitikisa vichwa tu, kwani mtu mzima haonyeshi ujinga wake mbele ya mtu asiyemjua.

DESTURI YA MOGADISHU

Lakini isidhaniwe kuwa wema wa Mogadishu ulikuwa bahati tu. Rihla yaeleza vizuri kuwa ulikuwa ni utaratibu. Jahazi likiingia, kila mfanyabiashara huchukuliwa na mwenyeji mmoja, naye mwenyeji huyo ndiye humwuzia, humnunulia na humwekea amana zake. Ama mwanachuoni, huyo hutolewa katika mikono ya wafanyabiashara, akapelekwa kwa kadhi na kwa Sultani, akatiwa katika nyumba ya wanafunzi. Ibn Battuta aliletewa chakula mara tatu kwa siku, siku tatu. Siku ya nne, nayo ilikuwa Ijumaa, akaletewa mavazi ya kwendea msikitini.

Mji wa zamani ulijua kuwa elimu haiji yenyewe. Huja juu ya miguu ya mtu, na mtu huyo ana tumbo, ana mavazi yanayochakaa, na ana siku za kuhuzunika. Sisi leo twaandika barua nzuri ya kumwita maalim, twamwekea tarehe na malipo, kisha twasahau kumwekea mwenyeji. Twajua mithali isemayo msafiri masikini ajapokuwa sultani, lakini twaitumia kumcheka mgeni badala ya kujikumbusha wajibu wetu.

Basi fungu la kwanza la faida ya kitabu hiki si la maalim hata kidogo. Ni la watu wanaomwita. Kabla ya kuuliza kama mashine zimefika, waulize: maalim atapokewa na nani jetini? Atakula kwa nani siku ya kwanza? Ni nani atakayempitia kwenda naye Magharibi msikitini? Mambo haya matatu hayahitaji bajeti.

KADHI ASIYEJUA LUGHA

Hata hivyo kusifu kuna mpaka wake. Ukiendelea kusoma utaona kuwa kila mji mpya hutuambia kwanza alipewa nini: kanzu, farasi, mtumwa, dinari. Sultani wa Kilwa apata sifa kubwa kwa ukarimu wake. Ukarimu ni sifa njema, lakini msomaji huanza kuuliza: naye Ibn Battuta aliwapa nini?

Swali hili hutoka nje wazi katika khabari za Delhi. Aliingia huko kiasi cha mwaka 1334, na Sultani Muhammad bin Tughluq akampa ukadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Yeye alikuwa Mmaliki, na watu wa mji ni Mahanafi. Tena lugha yao haijui. Mambo hayo mawili aliyasema mbele ya Sultani mwenyewe, na kusema kwake ni uaminifu unaostahili kutajwa. Sultani akampa manaibu wawili wa kumsaidia, naye akakubali. Tangu hapo kitabu kina mengi juu ya zawadi na safari za kuwinda, na juu ya deni lake lililofika dinari 55,000, ambalo ilimbidi Sultani amlipie. Juu ya watu waliokuja mbele yake kutaka haki zao, kina machache sana. Twasoma kurasa nyingi tusimjue hata mjane mmoja aliyepata urithi wake kwa kalamu ya kadhi huyu.

Maalim wa kompyuta na aisome sehemu hii mara mbili. Yeye naye huingia darasani na lugha ngeni, kwani mashine yasema Kiingereza, na ufundi una lugha yake juu ya hicho. Walioona taabu hii walijitahidi: mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, iliyoshughulikiwa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini programu ya Kiswahili haitoshi kama ulimi wa maalim ni mgeni. Mzee wa miaka 50 akiambiwa folda, afadhali aambiwe kuwa ni kama mkoba wa hati za nyumba: ndani ya mkoba mna bahasha, ndani ya bahasha mna karatasi, na kila bahasha imeandikwa jina lake. Akiambiwa ahifadhi kazi yake, neno hilo alilijua tangu chuoni. Mtoto wa chuo huhifadhi sura kwa kuikariri jioni na asubuhi. Mashine yahifadhi kwa amri moja, lakini bila ya amri hiyo umeme ukikatika kazi imekwenda. Mfano wa namna hii mzee hausahau. Na maalim hawezi kuupata kama hakukaa na watu wake akasikia wanavyosema.

UKALI WA MALDIVI

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na mwenyewe alisimulia bila ya kuliona kuwa ni kosa. Mwaka 1343 alifika visiwa vya Maldivi. Watu wake walikuwa Waislamu wapole, na walikuwa na haja ya kadhi, wakamzuia asiondoke. Alipokalia kiti akaanza kuamrisha. Waliochelewa Ijumaa wakapigwa na kutembezwa mjini. Mwizi akakatwa mkono, na baadhi ya waliokuwa barazani wakazimia. Akataka wanawake wafunike miili yao kamili, asiweze. Wakamtii wale tu waliosimama mbele yake katika hukumu, na nje ya mlango wakarudi katika desturi yao. Halafu akagombana na waziri, akaondoka.

Hatusemi kuwa sheria iachwe kwa sababu ya desturi. Hilo si neno la Mwislamu. Twasema kuwa mtu mmoja aliyekuja peke yake, hajui lugha, hana mizizi, tena moyoni mwake yu safarini, hawezi kwa muda mfupi kuwageuza watu kwa fimbo. Wazee wetu waliokuja kusomesha pwani hii walianza kwa kukaa nao. Ibn Battuta asimulia kushindwa kwake kana kwamba aibu ni ya watu wa visiwa tu, na hapa msomaji mwangalifu hana budi kuachana naye.

Maalim wa mashine hana fimbo, lakini ana namna yake ya ukali. Humnyang'anya mwanafunzi kipanya mkononi akafanya yeye kwa haraka, kisha akasema, "Umeona?" Hucheka kidole kimoja kinapotafuta herufi. Humwambia karani aliyeandika daftari la hesabu miaka 20 kuwa daftari lake ni ujinga. Daftari hilo ndilo lililoichukua ofisi mpaka leo, na ndani yake mna elimu ambayo maalim hana: nani alilipa, nani hakulipa na kwa udhuru gani. Maalim mwenye akili ataliomba daftari, atalisoma, na jedwali lake la kompyuta atalichora kwa kufuata mistari yake. Karani ataona kuwa mashine imekuja kumsaidia, haikuja kumfukuza kazini. Na hofu ya kufukuzwa, twajua sote, imo vifuani mwa wengi wakaao mbele ya mashine hizo.

NINI KILIBAKI?

Twafika sasa kwenye shabaha ya maneno yetu. Kitabu cha Ibn Battuta ni hodari wa kufika, lakini hakijui kuondoka.

Maldivi alioa wanne, akawaacha. Mmoja alikuwa na mimba, akazaa mtoto mwanamume. Baadaye alirudi kumtazama mwanawe, akaona kheri amwachie mama yake, akaenda zake baada ya siku chache. Damaski alipofika tena mwaka 1348 aliuliza khabari za mtoto mwingine aliyemwacha hapo miaka 20 nyuma, akaambiwa alikwisha kufa zamani. Na hapo hapo akapata khabari ya kufa kwa baba yake. Alipokaribia kwao mwaka uliofuata, akasikia kuwa mama yake amekufa kwa tauni miezi michache tu kabla. Hasemi mengi, na pengine kunyamaza kwake ndiyo huzuni yake. Nasi hatuna haja ya kumhukumu. Lakini mzazi anayetuuliza habari za safari ya mwanawe na azisome kurasa hizi pamoja naye.

Hata karatasi zake hazikubaki. Asimulia kuwa katika bahari ya Hindi alivamiwa na maharamia wakamchukulia kila kitu, wakamwachia suruali. Na katika vilivyokwenda ni maandishi aliyonakili Bukhara katika makaburi ya wanavyuoni. Alikuwa na nakala moja tu. Sitaki kumcheka, lakini maalim asomaye hapa ajue kuwa somo lililo katika mashine moja ni kama halipo. Aweke nakala mahali pa pili, na ya tatu awaachie wenyeji.

Ukitaka kuona upungufu huu, kiweke kitabu hiki kando ya Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kilichotoka mwaka 1972. Kwa uzuri wa kusimulia hakifiki Rihla. Kurasa nyingine ni majina matupu. Lakini majina hayo ni ya nani? Ni fulani alisoma kwa fulani, akasomesha fulani na fulani. Rihla huhesabu waliompa mgeni. Kitabu cha Sheikh Farsy huhesabu waliochukua kutoka kwake. Humo utamkuta Sheikh Abdallah Bakathir, mtu wa Lamu aliyehamia Unguja, akasafiri kusomesha hata Afrika Kusini, na aliyefariki mwaka 1925 akiacha madrasa Ukutani. Na Lamu yenyewe yamkumbuka Habib Swaleh, aliyezaliwa Ngazija, akaja mgeni, akawasomesha hata watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha. Alifariki mwaka 1935. Riyadha yake yasomesha mpaka leo, na Maulidi yake yawaleta watu Lamu kila mwaka.

Yule kijana wangu wa kompyuta alimaliza wiki zake mbili, akapewa cheti cha shukrani, akarudi. Baada ya miezi mitatu akapigiwa simu. Mashine zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Neno la siri la mashine kubwa lilikuwa katika daftari lake, na daftari liliondoka naye; wenyeji waliona haya kumsumbua. Kwa hivyo miezi mitatu kazi ilirudi kalamuni, na wako waliosema kuwa tangu mwanzo walijua mambo haya hayafai kwetu. Haya ni madhara makubwa kuliko mashine nne zisizowaka. Waliokuwa na hamu ya kujua sasa wamekata tamaa, na atakayekuja baada yake atawakuta wamefunga mlango.

Alipoitwa mara ya pili mji mwingine, alifanya mambo matatu. Siku tatu za kwanza alichagua wenyeji wawili, yule karani mkongwe na msichana aliyetoka shule karibuni, akawafundisha wao mbele ya wengine, na siku zilizobaki wao wakafundisha na yeye akakaa nyuma. Akaandika kurasa chache kwa Kiswahili, kwa kalamu, za nini cha kufanya umeme ukirudi, na za namna ya kuweka nakala. Na maneno ya siri akayatia katika bahasha, ikafungwa katika kabati la mkuu wa ofisi. Simu alizopata baadaye zilikuwa za salamu.

KWA MABINTI ZETU

Yatupasa kusema neno juu ya binti maalim, kwani siku hizi ni wengi na ni hodari. Rihla haimsaidii. Wanawake wa kitabu hicho ama ni wa kuolewa au ni wa kuachwa, na wengi wao hatutajiwi hata majina. Katika madhehebu yetu ya Kishafi mwanamke ameruhusiwa kwenda Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu. Safari isiyokuwa ya faradhi, kauli yenye nguvu ni kuwa awe na mumewe au mahram wake. Wako wanavyuoni wa zama hizi waliotazama zaidi usalama wa njia. Anayetaka kuamua amwendee anayemwamini katika fiqhi.

Lakini wanaume wa kamati wasiifanye hukumu hii kuwa kisingizio cha kumnyima kazi. Kama mwataka wake zenu na binti zenu wafundishwe na mwanamke, basi nauli ya kaka yake maalim ihesabiwe pamoja na umeme na karatasi, kwa kuwa bila yake darasa halifanyiki. Au wanafunzi wanawake wapelekwe kwake alipo. Kumwambia "huwezi kuja peke yako", kisha tusimpe wa kuja naye, ni kumfungia mlango na kumtia yeye lawama.

HUKUMU YETU

Je, kitabu kisomwe? Naam, kisomwe, tena majumbani kwa sauti, kwani kina utamu na kinatuonyesha pwani yetu ilipokuwa na adabu ya kumpokea mwenye elimu. Wanaosema kuwa ni majisifu matupu hawakukisoma vizuri. Mwenye kujisifu hatuambii kuwa alilia mlangoni mwa Tunis. Na wanaokitoa kuwa ni kigezo cha msafiri wa Kiislamu nao wamepita mpaka. Nusu yake ya kwanza, ya mgeni anayepokewa, twaweza kuifuata. Nusu ya pili, ya mwalimu anayeondoka, tuitafute kwa Habib Swaleh na wenzake.

Na kwa wazazi waliotuuliza, jawabu letu ni hili. Mtoto aende, akiwa anajua atapokewa na nani, akiwa na adabu ya kusikiliza kabla ya kufundisha, na nia yake iwe kwamba siku atakayopanda chombo kurudi, kazi isimhitaji tena. Asafiri mchana akiweza. Akifika apige simu nyumbani. Akimaliza haja yake arudi upesi, maana mama yake anahesabu siku.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, awape wenyeji wema, na aijaalie elimu wanayoichukua ibaki pale walipoiacha. Amin.

Wabillahi tawfiq.